Miguu ya Teodora

Fausta alikuwa katikati ya sebule, mtoto mikononi, akielekea jikoni kuutazama uji uliokuwa motoni, miguu yake ilipogeuka. Hakuigeuza yeye. Kiuno chake kilikuwa bado kimeelekea jikoni, na macho yake yalikuwa kwenye mvuke wa sufuria, lakini miguu ilikuwa imeshika njia ya roshani. Ilikwenda polepole, wa kulia ukifuata wa kushoto, kama miguu ya mtu aliyeona kitu kizuri na hana haraka ya kukifikia.

Mlango wa roshani ulikuwa wazi, na nje yake hapakuwa na kingo za chuma. Mumewe, Bayo, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa amezing'oa asubuhi hiyo akazipeleka karakana kwa sababu zilikuwa zimeanza kuliwa na kutu. Nyumba yenyewe ilikaa juu ya mteremko. Ukisimama ukingoni unaona chini mapaa ya majirani, na kabla ya paa la kwanza ni mawe matupu.

"Simama," Fausta alisema. Hakujua anamwambia nani.

Akajivuta nyuma kwa mabega. Siku zote hiyo ilitosha. Akiegemea kushoto miguu ilikwenda kushoto, akijivuta nyuma ilisita. Safari hii haikusita. Alipopita mlangoni akaudaka mwimo wa mlango kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa umembana mtoto kifuani, na miguu ikaendelea kusukuma mpaka vidole vyake vikaanza kuteleza kwenye mbao. Upepo wa mlimani ukampiga usoni. Akapiga kelele akimwita Bayo, ingawa alijua karakana iko ng'ambo ya kilima na mashine za huko hazimwachi mtu asikie chochote.

Ndipo alipomtazama mtoto.

Teodora hakuwa analia. Alikuwa ametulia kabisa, macho yamekodoka, hayapepesi. Alikuwa anatazama chini, kule ambako jirani alikuwa ameezeka mabati mapya, na jua la asubuhi lilikuwa linacheza juu yake. Uso wake ulikuwa na furaha.

Fausta akauachia mwimo na kuyafunika macho ya mtoto kwa kiganja.

Miguu ikasimama. Vidole vya mguu wa kulia vilikuwa vimekwisha kupita ukingo wa sakafu, vinaning'inia hewani. Fausta hakuthubutu kupumua. Akajiachia akaanguka chali, mtoto juu yake, kisha akajikokota kwa viwiko na makalio, kiganja bado kimebana macho yale madogo, hadi akaingia ndani na kuusukuma mlango kwa bega. Mtoto alikuwa anapapasa kiganja cha mama yake kwa hasira, na kila alipopapasa, miguu ya Fausta ilijikunja na kujinyoosha sakafuni kama ya mtu anayeota anakimbia.

Uji ukaungua. Hakuna aliyekwenda kuutazama.

*

Miaka hiyo mwanamke akipata ujauzito alipewa mkanda wa manjano siku hiyo hiyo ya kupimwa. Asubuhi wanawake hao walionekana wakipita barabarani makundi kwa makundi, matumbo mbele, wakitembea na kupiga soga, na watu wakawapisha njia. Jambo hilo waliliita Mwendo. Mama akitembeza mwili, damu yake inabeba chakula cha kukuzia ubongo wa mtoto, na mtoto aliyeupata Mwendo vizuri alizaliwa na kichwa chepesi. Watoto walipimwa kabla hawajatoka wodini. Alama zile ziliwafuata mpaka shule, na mtoto ambaye mama yake hakutembea alijulikana, akaitwa mtoto wa kitandani.

Fausta hakuweza kutembea. Kabla ya hapo alikuwa mpima ardhi, mtu wa kupanda na kushuka milima na mitambo yake mgongoni, hadi siku ukingo wa shamba alilokuwa anapima ulipomeguka akaenda nao. Uti wa mgongo ulivunjika chini ya mbavu. Kuanzia hapo kwenda chini hakuhisi kitu, si baridi wala mwiba. Alichora ramani akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akaolewa akiwa kwenye kiti hicho, na hakuwahi kujihesabu mtu nusu. Lakini alipopata mimba akaanza kuota watu wakimwita mwanawe mtoto wa kitandani, akawa anaamka anatetemeka.

Kwa hiyo Dk. Adelina wa Kituo cha Mwanzo alipomletea mkanda wa aina nyingine, hakuuliza maswali mengi. Mkanda ule ulikuwa mpana, unazunguka kiuno na tumbo, na nyaya zake laini zilishuka chini ya ngozi hadi kwenye misuli ya mapaja, mashavu ya miguu na nyayo. Ulisikiliza kichwa cha mtoto kupitia tumboni. Mtoto akiwa macho, mkanda uliichezesha miguu ya Fausta hapo kitandani, kana kwamba anaendesha baiskeli. Mtoto akichoka, miguu ikatulia. Basi, ndivyo walivyokusudia.

Tumbo lilipokuwa kubwa, siku moja miguu ile ilishuka kitandani ikamsimamisha.

Hakuna aliyelipanga jambo hilo. Dk. Adelina alikesha na mitambo yake, kisha akaja na jibu akiwa anacheka na kulia. Mkanda peke yake hauwezi kumsimamisha mtu, alisema; kusimama kunataka ubongo, unaosahihisha kila dakika. Mkanda ulikuwa umepata ubongo. Mtoto alikuwa amegundua kwamba akitaka, kuna kitu kinakwenda, na kwa kuwa huko tumboni hakuwa na pa kwenda, alifuata tu mwili wa mama ulikoegemea. Wakawa wanatembea wawili. Fausta alipanda mteremko hadi karakana ya mumewe na chupa ya chai mkononi, na Bayo alipomwona akazima mashine, akakaa chini kwenye vumbi la chuma.

Alipozaliwa Teodora, alama zake ziliwafanya wauguzi waitane. Dk. Adelina akabandika vitone viwili laini nyuma ya masikio ya mtoto, ili azungumze na mkanda kama alivyokuwa anazungumza tumboni. Fausta mwenyewe ndiye aliyeomba. Alitaka kuendelea kutembea.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka asubuhi ile ya roshani. Tumboni mtoto hakuwa na pa kwenda. Sasa alikuwa na macho.

*

Bayo aliposikia yaliyotokea alirudi karakana, akabeba kingo zile kabla hazijapakwa rangi, akazichomelea mahali pake siku ileile, akaongeza na chuma cha juu ambacho hapo mwanzo hakikuwapo.

"Tatizo lilikuwa kingo, Mama Dora," alisema akifuta jasho. "Nimezirudisha."

"Tatizo si kingo."

"Basi usimtazamishe nje."

Tangu siku hiyo Fausta alitembea na kiganja karibu na macho ya mtoto. Akipita karibu na jiko aliyafunika. Akisikia pikipiki barabarani aliyafunika. Mtoto aliuchukia mkono ule, akaanza kuugeuzia uso kila alipouona unakuja, na Fausta akaona kwamba amekuwa mama ambaye mtoto wake anamkwepa.

Mama Katarina, mama yake Fausta, ndiye aliyekuwa akimwogesha mjukuu tangu kuzaliwa. Siku moja aliweka beseni chini, akamlaza mtoto kitandani ndani ya taulo, akaenda kuchukua birika la maji ya moto ili aongeze kwenye yale ya baridi. Fausta alikuwa amesimama kando, anashikilia sabuni.

"Mtoto wako mtulivu mno," mama yake alisema akirudi na birika. "Wewe nilikuwa nikikuogesha, ukumbi mzima unalowa kwa kurusha miguu. Huyu wala hayarushi maji."

Akainamisha birika vibaya. Maji yakachuruzika pembeni, yakamwagikia mguu wa Fausta.

Fausta aliona mvuke ukipanda kutoka kwenye unyayo wake. Hakuhisi kitu, kama siku zote. Lakini kule kitandani, ndani ya taulo kavu, mtoto alipiga yowe ambalo hawajapata kulisikia kwake, na mguu wa Fausta ukaruka juu kukwepa maji.

"Mungu wangu, nimemwunguza mtoto!" Mama Katarina aliliachia birika.

"Hapana, mama. Umeniunguza mimi."

Wakatazamana. Yowe likaendelea. Fausta akakaa kitandani, akamfunua mtoto, akamkagua kuanzia kichwani hadi chini. Ngozi yake ilikuwa nzima. Akaushika mguu wa mtoto, ule mguu mdogo wenyewe, akautekenya unyayo kwa kucha. Ulikaa vilevile, umelegea, kama soksi iliyojazwa pamba.

"Mfinye," alimwambia mama yake.

"Nimfinye mtoto?"

"Mfinye mguuni, mama. Kidogo tu."

Mama Katarina akafinya. Mtoto, aliyekuwa ameanza kutulia, hakugeuza hata uso. Bibi akaongeza nguvu mpaka ngozi ikabaki na alama nyekundu. Hakuna kitu.

Fausta aliifunika miguu ya mtoto kwa taulo. Kuna jambo alitaka kulifanya na alikuwa anaogopa kulifanya. Hatimaye aliupandisha mguu wake mwenyewe juu ya goti, ule usioungua, akapitisha kidole taratibu chini ya unyayo wake, mahali ambapo yeye hakuhisi chochote tangu ukingo wa shamba ulipomeguka.

Teodora akacheka. Alicheka kicheko cha tumboni, kile ambacho familia nzima ilikuwa inakisubiri kwa hamu, na mikono yake ikapiga hewa kwa raha.

Mama Katarina akajifunika mdomo kwa upande wa kanga, akatoka chumbani.

*

Dk. Adelina alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na kwa kawaida alipenda kueleza. Siku hiyo hakuwa na hamu ya kueleza. Aliuweka ukutani mfano wa ubongo wa Teodora, mawingu ya rangi yanayowaka na kufifia, kisha akagusa goti la mtoto kwa ncha ya kalamu. Mawingu hayakubadilika. Akagusa goti la Fausta. Juu kabisa ya ubongo, katikati, pakawaka kama kaa lililopulizwa.

"Hapo ndipo miguu inapokaa," alisema. "Kwa kila mtu. Kwake pana miguu, ila ni yako."

"Ulijua?"

"Nilijua anakuongoza. Sikujua anakuhisi." Daktari akaketi. "Ili usianguke, mkanda ulimpelekea habari za nyayo zako. Sakafu iko wapi, uzito umeegemea wapi, pa moto, panauma. Tulidhani atazipokea kama habari. Amezipokea kama mwili."

"Na miguu yake?"

"Ni mizima. Mifupa, misuli, mishipa, vyote vizima. Hakuna anayeishughulikia tu. Haijui kama ipo."

Fausta alimtazama mtoto mapajani. Mtoto alikuwa anatazama rangi za ukutani, na goti la Fausta lilikuwa linatikisika kwa shauku. Akalikandamiza kwa mkono.

"Vitoe basi hivyo vitone."

"Sikia kwanza. Sehemu nyingine zote za ubongo wake ziko mbele kuliko mtoto yeyote tuliyempima. Huu Mwendo mnaokwenda wawili haujauacha ubongo wake ulale. Wenzangu hapa wanataka tusubiri."

"Tusubiri nini?"

"Waone atafika wapi."

"Na wewe unataka nini, daktari?"

"Mimi naogopa," alisema yule mwanamke, na Fausta akaogopa zaidi kumsikia akisema hivyo. "Tukivitoa sasa, huenda pale mahali pakachukuliwa na miguu yake mwenyewe. Ubongo wa mtoto mchanga hauachi nafasi tupu kwa muda mrefu. Lakini huenda pakazimika tu, pakabaki giza, na huenda pakavuta na jirani zake kwenye giza. Maneno, kumbukumbu, sijui. Hajawahi kutokea mtoto kama huyu. Tukiviacha, akili yake itapaa, hilo nina hakika nalo. Hatatembea kwa miguu yake. Lakini wewe unajua kuliko mimi kwamba mtu kwenye kiti ni mtu kamili."

Hapo ndipo palipomshika Fausta. Angeambiwa kwamba maisha ya kwenye kiti si maisha, angejua la kujibu. Aliyaishi, akayapenda, na hakuwa tayari kumtoa mtoto wake kafara ili amwokoe na jambo ambalo yeye mwenyewe halikumwua. Akakaa akiutazama ukuta. Kaa lile bado lilikuwa linawaka juu ya ubongo wa mwanawe, kwa sababu alikuwa bado amekandamiza goti.

Akaondoa mkono. Likafifia.

"Nikiugua?" aliuliza. "Mguu wangu ukioza kwa sukari, ukakatwa?"

"Atahisi."

"Nikizeeka, magoti yakaanza kuuma?"

"Atahisi hayo pia."

"Na siku nikifa?"

Daktari akanyoosha mkono akazima ukuta, kama mtu anayefunga mlango mtoto asisikie yanayosemwa.

*

"Hutavitoa," Bayo alisema nyumbani siku iliyofuata. Alikuwa amesimama katikati ya jiko, mikono imejaa masizi, hajanawa. "Mtoto anacheka. Anakula. Kila anayempima anashangaa. Mimi naona nini kibaya? Naona mke wangu amesimama."

"Anayenisimamisha ni yeye, Baba Dora."

"Basi akusimamishe! Si ni mwanao?"

"Amefinywa mguu mpaka damu ikavilia, hakujua. Mimi nikigonga kidole kwenye meza, analia yeye. Leo nimekaa kutwa kitandani, naogopa hata kukanyaga kokoto."

Bayo akavuta kiti akakaa. Sauti yake ikashuka. "Ukivitoa akaharibika, utaishi vipi? Mimi nitakutazamaje?"

"Sijui."

"Hujui."

"Naogopa kuvitoa na naogopa kuviacha," Fausta alisema. "Nimekaa nazo hizo hofu mbili kutwa nzima, nikaziangalia. Hii ya kuvitoa, nusu yake ni yangu. Naitaka miguu. Nataka kupanda huko kwenu karakana, nataka kusimama dirishani nikiosha vyombo. Ndiyo maana siiamini. Ile nyingine haina changu ndani yake. Mtu hawezi kukaa kwenye mwili ambao siku moja utafukiwa yeye akiwa hai."

Bayo alijifuta uso, akajipaka masizi hadi machoni. Mtoto akamwona, akamtambua, na miguu ya Fausta ikanyanyuka kitini, ikampeleka kwa mumewe, ikasimama mbele yake. Bayo akaikumbatia kiunoni familia yake yote kwa mkupuo mmoja. Alikuwa analia, lakini hakusema tena kwamba hatavitoa.

*

Dk. Adelina alikuja mwenyewe na gari lake, bila kuwaaga wenzake wa Kituo. Wakatandika mkeka sebuleni. Mama Katarina akamsugua mjukuu mafuta, akamvalisha, kisha akaketi kwenye kona akitembeza rozari bila kutoa sauti.

"Unataka kutembea kidogo kwanza?" daktari aliuliza. "Tuna nafasi."

Fausta akatikisa kichwa. Alijijua. Angefika mlangoni, angetaka kufika barabarani, na kutoka barabarani asingerudi.

Akaketi mkekani, mtoto akimwelekea, akapitisha kidole nyuma ya sikio la kushoto na kukibandua kitone. Kilitoka kama ganda la kidonda kilichopona. Mguu wake wa kulia ukalegea, ukaanguka upande. Teodora akaacha kunyonya vidole. Akamtazama mama yake kwa mshangao mkubwa, kama mtu aliyeitwa kwa jina asilolijua. Kitone cha pili kikamponyoka Fausta mara kadhaa. Akakibandua.

Miguu yote miwili ikawa mizigo tena.

Mtoto hakulia papo hapo, na huo ukimya ndio ulioitisha nyumba nzima. Aliinamisha macho. Aliitafuta ile miguu mirefu iliyolala mkekani, akaitazama, akaitazama, mwili mzima ukikakamaa kwa juhudi. Kisha akafungua mdomo, na kilichotoka kikawafanya majirani waje mlangoni kuuliza kuna msiba gani.

Alilia mpaka sauti ikakauka. Alikataa titi. Alikataa bibi, alikataa maji ya kijiko. Mwili ukaanza kumtetemeka, na Dk. Adelina, aliyeshika kioo chake kidogo cha kuonyeshea ubongo, akasema bila kuinua macho kwamba pale mahali pamezimika.

"Pamezimika vipi?" Bayo aliuliza.

"Giza."

"Na kwingine?"

"Kunafifia pia. Subirini. Subirini kidogo."

Bayo hakuweza kusubiri. Alikichukua kikombe ambamo vitone vilikuwa vimewekwa, akapiga magoti kando ya mkeka, akamwekea mkewe mbele ya uso. "Mrudishie," alisema. "Mama Dora, nakuomba. Mrudishie. Anakufa huyu."

Fausta alikuwa amelala ubavu akimkumbatia mtoto. Midomo yake ilikuwa imepauka. Alivitazama vile vitone ndani ya kikombe, vidogo kama mbegu za papai, na kila kitu ndani yake kilitaka kunyoosha mkono.

"Bandika wewe," alisema. "Mimi sitakuzuia. Lakini bandika kwa mkono wako."

Bayo akachukua kimoja kwa ncha ya kidole. Akakisogeza karibu na sikio la binti yake. Kidole kikakaa hapo, kikakaa, mtoto akilia kilio kisicho na sauti. Mwishowe Bayo akakirudisha kikombeni, akatoka nje, na wakamsikia akikishika chuma cha roshani na kukitikisa kwa mikono miwili.

*

Hakufa. Alinyonya siku iliyofuata, kidogo, kwa kinyongo. Lakini hakucheka tena. Alilala macho wazi akitazama dari. Dk. Adelina alikuja kila alipoweza kuiba nafasi, akamwekea kioo kichwani, akatikisa kichwa. Sehemu nyingine zilirudi, ingawa si kwa ule mwanga wa kwanza; alikuwa sasa mtoto kama watoto wengine, pengine nyuma yao kidogo. Pale juu katikati palibaki giza.

Kituo cha Mwanzo kilimwachisha daktari kazi. Alilieleza jambo hilo akiwa amevaa viatu mlangoni, kana kwamba ni habari za hali ya hewa, akaondoka.

Fausta alirudi kwenye kiti, na mara nyingi zaidi akawa sakafuni. Alijikokota kando ya mtoto, akaishika miguu ile midogo iliyolegea, mmoja kwa kila mkono, akaikunja na kuinyoosha, akaikunja na kuinyoosha, kama mkanda ulivyokuwa ukimfanyia yeye kitandani. Aliipaka mafuta. Aliipuliza. Alizikandamiza nyayo za mtoto kwenye shavu lake mwenyewe ili zipate kujua kwamba duniani kuna kitu cha kukanyaga. Alifanya hivyo asubuhi, akafanya mchana, akafanya wengine wakiwa wanakula. Bayo alipita juu yao akienda na kurudi. Usiku mtoto akilala, Fausta alilala akiwa ameshika kisigino kimoja, akimwomba Mungu ambaye hakuwa na hakika kama anastahili kumwomba, na akiamka hofu ilikuwa palepale kifuani, imemngoja.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Mama Katarina alikuwa anaosha masufuria nje, na Bayo amejilaza kwenye kochi na kofia usoni. Fausta aliikunja miguu ya mtoto, akainyoosha, akaikunja. Alikuwa amechoka, na mikono ilikuwa inakwenda yenyewe huku akili yake iko mbali.

Kitu kikamsukuma kiganja.

Kilikuwa kidogo mno, akadhani ni mkono wake ulioteleza kwa mafuta. Akaukunja tena mguu wa kushoto wa mtoto. Teodora akakunja uso, uso wa mtu aliyesumbuliwa vya kutosha, na mguu ule ukajinyoosha wenyewe, ukaupiga mkono wa mama yake teke, ukauondoa.

"Baba Dora," Fausta aliita. "Baba Dora, njoo."

Bayo aliruka kochini, kofia ikaanguka. Akaja akapiga magoti. "Nini? Amefanya nini?"

"Amenikataa."

Hakumwelewa, na Fausta hakuweza kueleza. Mguu wa kulia ulikuwa bado umelala, umelegea, haujui chochote, na pengine hautajua kamwe. Hakuna aliyeweza kumwahidi. Mtoto alikuwa ameanza kulia kwa ghadhabu ndogo ya kawaida, na Bayo alikuwa anauliza, anauliza. Fausta akaufuta mkono mafuta kwenye gauni, na kwa hofu yote aliyokuwa nayo, akaurudisha palepale, chini ya ule unyayo wa kushoto, akasubiri apigwe tena.